Jinsi ya Kuandika Kumbukumbu za Ndugu Mcheshi Aliyekuwa Pia Jirani Yako

Neno "mcheshi" huwa la kweli mara nyingi linapotumiwa, lakini halimwonyeshi mtu. Shangazi yangu alipofariki dunia niliombwa kuandaa wasifu wake wa kusomwa siku ya mazishi, nami niliandika kwa uaminifu kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu na mwenye kupenda watu. Hakuna aliyepinga neno hata moja. Hata hivyo, nilipokuwa nikisoma niliona jinsi waliomfahamu walivyokuwa wakimsubiri ajitokeze ndani ya maneno yale, naye hakujitokeza. Kisha akasimama mzee aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaeleza kwamba asubuhi moja marehemu alikwenda kwake kuazima ngazi, akakaa akizungumza hadi jua likawa la utosi, akaaga na kuondoka mikono mitupu, na jioni akarudi, akaielekea ngazi iliyoegemezwa ukutani, akaibishia hodi na kuiomba radhi kwa kuisahau, ndipo akaichukua. Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja wao alimsikia akisema.

Tangu siku hiyo nimeandika kumbukumbu zake na nimewasaidia wengine kuandika za ndugu zao. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu mtu wa aina moja mahususi: yule aliyekuwa wa damu yako na wakati huohuo akaishi jirani nawe, mwenye furaha iliyowagusa hata wasio wa ukoo. Mtu wa namna hiyo ni mgumu kumwandika kuliko anavyodhaniwa. Furaha yake haikuwa kitu alichokiweka moyoni mwake peke yake, bali ilikuwa jambo lililotendeka kati yake na mtu mwingine, mlangoni, dirishani au njiani, na nusu ya kila tukio imebaki kwa yule aliyelipokea. Kwa hiyo kazi yako kubwa itakuwa kuwatafuta waliobaki na nusu hizo kabla hazijapotea, na uandishi wenyewe utafuata.

Fahamu kwanza unachokiandika

Lugha yetu inatofautisha vizuri maandishi yanayomhusu marehemu, na tofauti hizo zina manufaa. Tanzia ni tangazo la kifo. Taazia ni maandishi ya kuomboleza na kumsifu aliyefariki. Wasifu hueleza maisha yake kwa mpangilio: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Kumbukumbu hazilazimiki kufuata umbo lolote kati ya hayo. Ukianza kuandika kumbukumbu kwa mtindo wa wasifu, utajikuta unajaza miaka na vyeo, na yule mtu aliyeibishia ngazi hodi hatapata pa kuingilia. Tenga ukurasa mmoja tu wa mwanzo kwa tarehe, majina kamili na uhusiano wa kifamilia, uuhakikishe kwa kutazama vyeti na nyaraka wala si kwa kutegemea kumbukumbu za watu, kisha uachane nao.

Anza kabla hujajiona uko tayari

Wengi husubiri majonzi yapungue ndipo waandike. Ninaielewa sababu yao, lakini kusubiri kuna gharama. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokisahau huondoka mapema sana, saa na siku za mwanzo, na kinachobaki hupungua polepole baadaye. Matukio ya mtu tuliyempenda hayafanani na silabi zisizo na maana, na hukaa muda mrefu zaidi. Lakini yale madogo yanayoyafanya yawe hai, yaani neno kamili alilolitumia, alivyokuwa ameshika fagio, alivyonyamaza kidogo kabla ya kumalizia mzaha, hayo hufuata njia ileile ya kuondoka mapema. Waswahili wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayofaa zaidi methali hiyo kuliko maneno ya mtu aliyekufa.

Basi chukua daftari dogo, ulipe kazi hiyo moja tu, na uwe nalo karibu. Katika majuma ya mwanzo usiandike habari kamili, andika vipande. Kipande kinaweza kuwa mistari miwili: "Alivyotuita kupitia dirisha la nyuma, herufi ya mwisho ameivuta." Kipande kingine kinaweza kuwa neno moja alilolibuni na ambalo ni watu wa nyumba mbili tu wanaolielewa. Andika tarehe uliyokikumbuka na kilichokukumbusha, kwa kuwa kilichokukumbusha mara nyingi huwa mlango wa kumbukumbu nyingine.

Kuhusu uchungu wa kuandika ukiwa katika majonzi, nitasema jambo moja la kukutia moyo na moja la tahadhari. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambapo watu waliandika juu ya mambo mazito ya maisha yao kwa dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kumwona daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Dakika 15 ni kipimo kizuri kwa anayeanza. Tahadhari yenyewe ni kwamba hulazimiki. Siku ambayo daftari linakuelemea, lifunge, na umwombe mtu mwingine wa familia ashike kalamu huku wewe ukisimulia.

Acha sifa, tafuta matendo

Hii ndiyo sehemu ninayoipa uzito kuliko zote. Chukua kila sifa utakayotaka kuandika na uiulize swali moja: aliifanyaje? Ukiandika kwamba alipenda watoto, jiulize ni mtoto gani, siku gani, alimwambia nini, na mtoto akajibu nini. Ukikosa jibu, bado huna kumbukumbu, una maoni tu, na maoni hayo yangeweza kuandikwa juu ya shangazi wa mtu yeyote.

Nitatoa mfano wa sentensi yangu mwenyewe. Mara ya kwanza niliandika: "Marehemu alikuwa mchangamfu kwa kila aliyekutana naye." Baada ya kuiuliza sentensi hiyo swali nililolitaja, ikawa hivi: "Kila alipopita uani kwetu alimsalimu paka kabla ya mtu yeyote, kwa heshima kamili, akasubiri jibu, na paka aliponyamaza alitugeukia akasema, 'Huyu leo ameamka vibaya, nanyi je?'" Sentensi ya pili haina neno "mchangamfu" wala "mcheshi", na haiyahitaji. Tena inaonyesha jambo ambalo ya kwanza haikuweza kulionyesha: kwamba alitumia mzaha kutujulia hali, na kwamba swali la mwisho lilikuwa la kweli, naye alisubiri lijibiwe.

Angalia pia kwamba tendo la jirani lina tabia yake. Ndugu anayeishi mbali hukumbukwa kwa safari na ziara, kwa kuwa kila alipofika palikuwa na maandalizi. Ndugu aliye jirani hukumbukwa kwa mambo yaliyorudiwa mara elfu bila mtu kuyahesabu: namna alivyofungua lango, saa aliyotoka kumwagilia maua, mlio wa ndala zake, wimbo alioupiga mluzi huku akianika nguo. Mambo haya hayaingii katika hadithi kwa sababu hayana mwanzo wala mwisho. Yaandike kwa wakati wa mazoea ("alikuwa akifika", "hutanguliza mguu wa kushoto"), halafu yatafutie siku moja ambayo mazoea hayo yalivunjika. Siku ambayo hakupiga mluzi itakuonyesha mluzi ulikuwa na maana gani.

Waulize watu mmoja mmoja

Marehemu aliyekuwa ndugu na jirani ameacha makundi mawili yasiyojua mambo yaleyale. Ndugu wanajua utoto wake na migogoro ya familia. Majirani wanajua asubuhi zake. Anza na majirani, kwa sababu mara nyingi hakuna anayewauliza. Usiwasahau watu waliopita tu katika maisha yake, kama vile fundi aliyemtengenezea baiskeli au mtu aliyempelekea barua, maana mtu mcheshi huwa na urafiki mrefu na watu ambao jina lao hakulijua.

Waulize kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha. Mwanasaikolojia wa Uingereza Frederic Bartlett alieleza mwaka 1932 jinsi watu waliopewa hadithi ya kigeni na kuombwa kuirudia walivyoifupisha, wakaacha yasiyowaingia akilini na kubadili mengine yafanane na waliyoyazoea. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kukumbuka ni kujenga upya. Visa vya kuchekesha hupatwa na hali hiyo upesi zaidi, kwa kuwa kila msimuliaji huvinoa ili vichekeshe. Katika muda wa miezi michache nilikisikia kisa cha ngazi kwa namna nne tofauti, na katika mojawapo ngazi ilikuwa imegeuka mwavuli. Mkutano wa watu wengi huzifuta tofauti hizo, na anayesimulia kwa sauti kubwa ndiye ambaye toleo lake hubaki. Wakishasimulia peke yao, wakutanishe, kwani kicheko cha kundi huamsha mambo ambayo hakuna aliyeyakumbuka akiwa pekee. Pale matoleo yanapotofautiana, usijifanye hakimu. Andika ni nani aliyesema nini, na umwachie msomaji yote mawili.

Maswali yana uzito wake. Ukiuliza "Alikuwa mtu wa namna gani?", utajibiwa kwa sifa, na utakuwa umerudi ulikoanzia. Uliza badala yake: Alikuwa akikuitaje? Alibisha hodi, au alianza kuzungumza akiwa bado nje? Mara ya mwisho mlipocheka pamoja mlicheka nini? Ni mzaha gani alioupenda ambao wewe hukuupenda? Ulimwona akikasirika, na alikasirika vipi? Kuna kitu chako alichokiazima, au chake kilicho kwako? Swali hilo la mwisho lina nguvu ya ajabu, kwa sababu kati ya majirani kila kitu kilichoazimwa kina habari yake.

Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha sekunde kumi humfanya anayeuliza atake kusaidia, lakini mara nyingi mwenye kumbukumbu ndipo huwa anaifikia. Usimsahihishe hata akikosea mwaka. Liandike kosa pembeni na ulihakikishe baadaye. Saa moja inatosha kwa kikao kimoja, hasa kwa wazee, nawe ni afadhali urudi mara tatu kuliko kumchosha mtu mara moja. Watoto nao waulize, kwa upole na mbele ya wazazi wao. Mtoto mdogo hukumbuka yaliyokuwa katika kimo cha macho yake: mfuko wa koti, kiganja, viatu. Mpwa wangu mmoja hakuweza kusema lolote juu ya shangazi, lakini alipopewa karatasi alichora vidole vitatu vilivyoshika sikio, nasi sote tukaijua ile namna aliyokuwa akitujia kwa nyuma.

Sauti, picha na vitu

Kwa wasimuliaji, simu ya kawaida inatosha kurekodi. Omba ruhusa kwanza, na ueleze wazi rekodi hiyo itasikilizwa na nani. Iweke simu karibu na anayezungumza, juu ya kitambaa ili isichukue mtikisiko wa meza, mbali na feni na redio, na urekodi sekunde thelathini za majaribio uzisikilize kabla ya kuanza. Taja tarehe, mahali na majina ya waliopo mwanzoni mwa rekodi yenyewe, kwa maana faili hupoteza majina yake kwa urahisi. Kama simu inakuruhusu kuchagua, faili la aina ya WAV huhifadhi sauti bila kuipunguza, ilhali MP3 huibana kwa kuacha baadhi ya sauti ili lipate udogo. Kwa mazungumzo ya kawaida MP3 husikika vizuri, lakini nakala ya kuhifadhi iwe ile kamili. Jiandae pia kwa kazi ya kunukuu: saa moja ya mazungumzo huweza kuchukua saa nne au zaidi kuandikwa neno kwa neno. Ukikosa muda huo, andika muhtasari wenye dakika ambamo kila kisa kinaanza, na unukuu kikamilifu vile visa tu utakavyovitumia.

Sauti yake mwenyewe, kama ipo, ina thamani kuliko rekodi zote hizo. Itafute leo. Ujumbe wa sauti ulio katika simu za ndugu na majirani hupotea simu inapoibiwa, inapoharibika au inapobadilishwa, nami niliupoteza mmoja kwa njia hiyo, ujumbe wa sekunde kumi na nne ambamo alisema tu kwamba mvua inakaribia nguo zangu, kisha akacheka. Waombe watu wote wautafute na wakutumie faili lenyewe. Kaseti za zamani, ambazo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1960, huharibiwa na joto, unyevu na sumaku. Usizicheze mara kwa mara kwa kujifurahisha kabla ya kuzihamishia katika kompyuta.

Katika picha, kuwa mwangalifu na zile za kupozi. Daktari wa Ufaransa Guillaume Duchenne alionyesha mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli huhusisha msuli unaolizunguka jicho, si ule unaovuta pembe za mdomo peke yake, na kwamba msuli huo wa jicho ni mgumu kuamrishwa. Kwa hiyo funika mdomo wa marehemu katika picha kwa kidole na uyatazame macho. Wakati mwingine picha iliyotoka na ukungu, ambamo ameangalia pembeni na mtu aliye kando yake amejikunja kwa kicheko, humsema vizuri kuliko ile iliyowekwa fremu. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, majina ya waliomo kuanzia kushoto, mahali na mwaka. Wino wa kalamu huweza kupenya au kuhamia kwenye picha iliyo chini yake. Picha ndogo za karatasi zitambazwe, yaani zinakiliwe kwa skana, kwa nukta 600 kwa inchi ili ziweze kukuzwa. Ziondoe taratibu katika albamu zenye kurasa za gundi, kwa kuwa gundi hiyo huziharibu kadiri miaka inavyopita, na ikiwa picha imegoma kutoka usiivute. Itambaze ikiwa palepale.

Vitu hupitwa haraka na wanaofanya usafi wa nyumba baada ya msiba. Kabla havijagawanywa, piga picha chumba kama kilivyoachwa: mpangilio wa viti, kilichokuwa dirishani, karatasi aliyoandika vikumbusho vyake. Viti vyake viwili vilivyotazama njia vilinifundisha jambo ambalo hakuna aliyelisema, kwamba kimoja hakikuwa chake kamwe. Alikiweka kwa ajili ya yeyote atakayepita.

Kuandika kicheko

Kisa cha kuchekesha hufa kikielezwa. Usiandike "tulicheka sana", wala usimwambie msomaji kwamba kinachofuata kinachekesha. Anza karibu na tukio kadiri uwezavyo, mpe msomaji kile tu anachokihitaji ili aelewe, na ukome marehemu anapomaliza kusema. Kama kisa kinahitaji aya mbili za maelezo kuhusu nani alikuwa na deni la nani, huenda ni kisa cha kusimuliwa kwa mdomo tu, na hakuna hasara kukiacha huko.

Hifadhi maneno yake kama alivyoyatamka. Kama alikuwa na lafudhi, au alilikosea neno fulani kwa makusudi kila siku, liandike hivyohivyo mara moja, uonyeshe kwamba lilikuwa lake, kisha usilirudie mpaka likawa kejeli. Kicheko chenyewe pia kina umbo linaloweza kuandikwa. Kilianzia mabegani au machoni? Kilikuwa na sauti, au alicheka kimya mpaka akashika ukuta? Alicheka kabla ya kumaliza mzaha wake? Shangazi alikuwa akicheka mapema mno, hata mwisho wa mzaha haukusikika, na baada ya miaka mingi tuligundua kwamba mizaha yake kadhaa hatujawahi kuusikia mwisho wake. Niliiandika hivyohivyo, bila mwisho.

Siku ambazo hakucheka

Mwandishi anayempenda marehemu huwa na tamaa ya kumwacha katika furaha tupu, nami naisihi familia yoyote isifanye hivyo. Mtu aliyechekesha watu kwa miaka mingi, akiandikwa kwa vicheko peke yake, hubaki kama picha ya ukutani, na watoto watakaomsoma watadhani hakuwa na uzito wa kubeba.

Shangazi alipompoteza rafiki yake wa utotoni, dirisha lake la nyuma lilifungwa siku tisa. Hakuna aliyetangaza lolote. Majirani walilijua jambo hilo kwa kukosa kuitwa. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa akipita kila jioni na kukohoa karibu na ukuta, akiondoka bila kubisha, na siku ya kumi dirisha lilifunguka nusu na sauti ikasema, "Nimewakosa, lakini msianze kelele zote kwa pamoja." Nilipoliweka tukio hilo katikati ya kitabu, visa vyote vilivyokuwa kabla na baada yake vilibadilika. Msomaji alianza kuelewa kwamba kucheka kwake kulikuwa uamuzi alioufanya kila asubuhi, na kwamba ulimgharimu.

Wewe nawe, unapoandika, utajikuta unacheka kisha unajiona mkosefu kwa kucheka. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba aliyefiwa kwa kawaida huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba na kushughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba kwenda na kurudi huko ni sehemu ya kupona. Ukurasa mmoja unaweza kubeba yote mawili.

Ya kuachwa

Visa vya mtu mcheshi huwahusu walio hai, kwani mzaha una mwenye kuufanya na mwenye kufanyiwa. Kabla ya kukichapa kisa chochote kinachomtaja mtu, msomee yeye mwenyewe, ana kwa ana ikiwezekana, na umkubalie akikataa. Magonjwa, madeni, ndoa na siri alizoambiwa marehemu kwa kuaminiwa ziachwe hata kama zingechekesha, kwa sababu yeye hayupo tena kusema alipaswa kuzitunza. Kuna kisa kimoja kizuri kuliko vyote nilivyonavyo ambacho sitakiandika kamwe, na sijutii.

Kupanga, kunakili na kugawa

Nakushauri usipange kumbukumbu kwa miaka. Zipange kwa mahali alipokutana na watu: dirishani, langoni, njiani, katika viti viwili. Mpangilio huo unamfaa ndugu aliyekuwa jirani, kwa kuwa msomaji anayepajua ataweza kutembea ndani ya maandishi. Kumbukumbu moja ijae ukurasa mmoja, pengine maneno 150 hadi 300, na isianze nyingine mpaka ukurasa mpya. Yasome yote kwa sauti mbele ya mtu mmoja aliyemfahamu. Pale anapotazama kando, kuna sentensi isiyo ya kweli au iliyorembwa. Kama sehemu itasomwa hadharani, kadiria dakika tano kwa maneno 500, maana katika jambo kama hili sauti husita.

Mafaili yawe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae nyumba nyingine kabisa, ili moto, mafuriko au wizi usichukue vyote kwa siku moja. Chapa pia nakala chache, kwa karatasi isiyo na asidi ukiipata, kwani karatasi duni hugeuka manjano na kukatika. Andika tarehe ya toleo kwenye jalada la ndani. Acha pambizo pana na kurasa kadhaa tupu mwishoni, na uwape kwanza majirani, kila mmoja pamoja na penseli, ukiwaomba waandike moja kwa moja juu ya nakala zao na wakurudishie baada ya majuma machache. Watakayoyaandika hapo ni tofauti na waliyokuambia ana kwa ana, kwa sababu sasa wanamjibu marehemu.

Nakala ya kwanza kurudi kwangu ilikuwa ya mzee wa nyumba ya tatu. Alikuwa amesahihisha tarehe mbili na jina la mtu mmoja. Pembeni mwa ukurasa wa ngazi aliandika kwa mkono uliotetemeka: "Haijarudishwa hadi leo. Iko nyuma ya nyumba yake. Iacheni hapo ilipo."